Nani Kakufukuza?

Siku nilipomkabidhi mwalimu kijana funguo za nyumba yangu ya Nyabibuye, jirani yangu alisimama kwenye uzio wa minyaa akinitazama. Aliona begi moja, kitenge kimoja begani na raba ambazo sijawahi kuzivaa kanisani wala shuleni. Hakuniuliza naenda wapi. Aliniuliza, "Mwalimu, nani kakufukuza?"

Nikamwambia hakuna. Akanyamaza kidogo, kisha akasogea na kupunguza sauti. "Niambie mimi. Ni watoto?"

Ilikuwa mwaka 2022. Nilikuwa na miaka 55, nimestaafu kwa hiari baada ya miaka 34 ya chaki. Mume wangu alitangulia mbele ya haki mwaka 2014. Watoto wangu watatu wanajitegemea. Sikuwa na kesi, sikuwa na deni la kikoba, na hakuna aliyenisingizia uchawi. Sikufukuzwa na mtu. Nilikuwa nakwenda kuliona Ziwa Tanganyika.

Naona haya kulisema hili gazetini, lakini bora niliseme. Kwa miaka 34 nilisimama mbele ya darasa nikaandika ubaoni kwamba ziwa hilo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, kwamba kina chake kinafika mita 1,470, na kwamba linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Watoto walikariri, nikawapa vema. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Nyabibuye ni kata ya Kakonko, zamani tukiwa Kibondo, kaskazini mwa mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Kutoka kwetu hadi ziwani ni safari ya siku moja ya basi. Ila ualimu nilisomea Tabora, na njia yetu ya kwenda Tabora ilipita Kahama na Nzega, haikupita ziwani. Nilipoanza kazi, kila nauli niliyoipata ilikuwa na mwenyewe: ada, dawa, rambirambi, saruji. Mgebuka wa ziwa hilo nilimla maisha yangu yote, ila alikuja kwetu amekwisha kukaushwa.

Naandika leo kumtetea mtu anayeondoka nyumbani bila kufukuzwa. Nimekuwa mtu huyo kwa zaidi ya miaka mitatu sasa, na nimechoka kumweleza kila konda na kila mwenye gesti kwamba sina shida yoyote.

Jirani yangu si mjinga. Swali lake lina mizizi. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mtu akionekana barabarani na mzigo, yupo aliyemtoa.

Babu yangu mzaa baba aliondoka baada ya Vita Kuu ya Pili kwenda kukata mkonge Tanga. Waingereza waliigeuza Buha kuwa ghala la wafanyakazi. Kodi ya kichwa ilidaiwa, mazao ya kuilipia yalikuwa haba, na vijana wenye mikono walikuwa wengi. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, kilichowasomba vijana kutoka mikoa ya mbali kama yetu. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Kazi yao ilihesabiwa kwenye kipande: utimize siku 30 za kazi ndipo ulipwe, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa. Babu alirudi na blanketi, kofia na kikohozi. Bibi alikuwa akisema mzee alisahau mwaka waliooana, lakini namba yake aliitaja mpaka mwisho.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Nilikuwa na miaka mitano. Tuliishi juu ya kilima, peke yetu ndani ya migomba, kama Waha wengi walivyoishi tangu enzi za machifu, kila mji mbali na mwenzake. Tukateremshwa barabarani kwenye kijiji kilichopimwa kwa kamba. Mimi nilipewa kuku nimbebe. Alinikwaruza mikono njia nzima, lakini sikuthubutu kulalamika kwa sababu baba alikuwa hasemi neno. Migomba tuliiacha na ndizi zake. Sisemi vijiji havikuleta kitu. Shule niliyosoma na shule niliyofundisha zote zilitokana na vijiji. Nasema tu kwamba safari yangu ya kwanza maishani ilikuwa ya kuhamishwa.

Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Mjomba wangu alikuwa akiuza karanga Dar es Salaam. Sheria ikasema kila mwenye nguvu awe na kazi inayojulikana, na karanga hazikuhesabiwa. Akarudishwa nyumbani akalime. Kwa hiyo babu yangu alitolewa Buha kwa sababu ya kazi, na mjomba akarudishwa Buha kwa sababu ya kazi. Wote wawili hawakuulizwa wanataka kukaa wapi.

Kisha wakaja wenzetu wa Burundi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na ndani ya siku chache njia zetu zilijaa watu wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Waliomba maji kwa maneno ambayo mama yangu angeyatumia, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2015 wakaja tena. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ikafunguliwa upya kule Kibondo, Mtendeli ikajaa hapa Kakonko hadi ilipofungwa mwaka 2021, na Nyarugusu ya Kasulu ikazidi kuwa mji. Mtoto aliyezaliwa Nyabibuye amekua akimwona mwenye mzigo kuwa ni mtu aliyekimbia.

Hata nikienda mbali zaidi nakuta hadithi ileile. Mswahili Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yakachapwa na Carl Velten mwaka 1901. Safari kubwa kabisa! Lakini alikwenda kwa sababu bwana wake Mjerumani alikwenda. Wapagazi waliotoka Bagamoyo hadi Ujiji waliijua nchi hii kwa nyayo zao kuliko mtu yeyote, ila mzigo ulikuwa wa mwingine na njia aliichagua mwingine. Sisi si watu tusiosafiri. Tumesafiri sana. Ni kwamba safari zetu zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa sisi.

Nikiwa mwalimu niliyaendeleza haya bila kujua. Darasa la sita nilikuwa nawapa insha yenye kichwa "Safari yangu". Kila mwaka nililetewa safari zilezile: tulikwenda hospitali Kibondo mama akajifungua, tulikwenda Kasulu kwenye msiba, nilimpeleka mbuzi mnadani, akauzwa, tukanunua sare. Mwaka mmoja mvulana mmoja aliandika kwamba alipanda kilima cha nyuma ya kwao ili aone upande wa pili kuna nini. Akafika juu, akaona kuna kilima kingine. Akakaa kidogo, akarudi. Basi. Nilimpa alama 4 kati ya 10, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ulikwenda kufanya nini?"

Mwaka 2022, jirani aliponisimamisha kwenye uzio wa minyaa, nilimkumbuka mvulana yule. Swali nililoulizwa ndilo nililomuuliza yeye.

Kwa mwanamke mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hata lugha yetu imejipanga dhidi yake. Kiswahili kinamsifu mwanamke kwa neno "ametulia". Binti aliyetulia ndiye anayeposwa. Mjane aliyetulia ndiye anayeheshimiwa. "Hajatulia" ni hukumu isiyo na rufaa. Mwanaume ukisema anatembea sana, watu wataelewa ana biashara. Mwanamke ukisema anatembea sana, watu watakuangalia usoni waone kama unamaanisha walichoelewa. Binti yangu anayeishi Kahama alinipigia simu wiki ya kwanza. "Mama, watu wanauliza. Niwaambie umekwenda wapi?" Nikamwambia awaambie nimekwenda kutembea. Akasema, "Hapana Mama, nitasema umekwenda kutibiwa macho." Na kweli, hadi leo kuna watu Kakonko wanaoniuliza macho yanaendeleaje.

Nao wenye methali wanazo mbili mbili. Atakayekupenda atakwambia tembea uone. Asiyekupenda atakwambia mtembezi hula miguu yake. Mimi miguu yangu ninayo bado, ila raba nimeshamaliza jozi tatu.

Basi nilikwenda. Nilifika Kigoma mjini saa kumi na moja jioni, nikapanda bodaboda hadi Kibirizi. Maji yalikuwa mengi kuliko nilivyofundisha. Nilivua raba nikaingia mpaka magotini. Hizo mita 1,470 hazionekani kwa macho; kinachoonekana ni milima ya Kongo ng'ambo, mitumbwi, na wanawake wakianua dagaa kabla ya giza. Mama mmoja akaniuliza, "Bibi, unatafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu. Akanipa beseni nimsaidie kuanua. Nikaanua.

Kesho yake nilikwenda Ujiji, mahali panapotajwa kuwa Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Pana mnara wa kumbukumbu, pana miembe. Nilisimama pale nikiwawazia wapagazi. Mtu aliyekuja kwa hiari yake amejengewa mnara. Waliombebea hema na sanduku hatuyajui hata majina yao yote. Sikuikasirikia ile kumbukumbu. Nilijiambia tu kwamba kama kutembea kwa hiari ni jambo la kujengewa mnara, basi si upuuzi.

Kutoka Kigoma nilipanda treni ya Reli ya Kati, reli ileile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Daraja la tatu, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam: Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma. Kila stesheni ina chakula chake dirishani, asali hapa, karanga pale, kuku wa kuchoma kule, na ukilala unaikosa mikoa mizima. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma nilipanda hiyo nayo. Ni nzuri, ina kasi, haitikisiki. Ila hakuna anayekuuzia asali dirishani.

Tanga nilikwenda kwa ajili ya babu. Mwenyeji mmoja Korogwe alinielekeza kwa mzee ambaye baba yake alitoka Kasulu kwa mkataba wa mkonge na hakurudi tena. Nikamsalimia Kiha, nikampigia makofi kama tunavyosalimiana kwetu. Mzee akatetemeka midomo. Alinijibu kwa Kiha chenye maneno ambayo sijayasikia tangu bibi yangu afariki. Sisi tuliobaki nyumbani tumeyapoteza, yeye aliyezaliwa ugenini ameyatunza. Akaniuliza, "Umeletwa na nani?" Hakusema nimekujaje. Kwa watu wa mkonge, mtu alikuwa analetwa. Nikamjibu, "Nimejileta, baba." Aliirudia ile kauli mara mbili, kisha akamwita mjukuu wake alete kiti.

Watu huniuliza nakula nini. Sikukitumia kiinua mgongo barabarani. Kiliezeka upya nyumba na kumsomesha mjukuu. Natembea kwa pensheni ya mwezi na kodi ya nyumba. Fedha ikiniishia tarehe 20, nakaa hapohapo iliponiishia mpaka mwezi mwingine. Ndivyo nilivyokaa siku 11 Mpanda na siku 9 Mikindani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nakubaliana nao kabisa. Jembe langu ni chaki. Kila nilipolala kwa watu nimewakalisha watoto wa nyumba hiyo jioni, nikawafundisha kusoma. Yuko mtoto Mikindani aliyekuwa darasa la tatu hajui herufi. Naondoka akiwa anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga, polepole, kidole juu ya neno. Huo si uzururaji.

Neno hilo, uzururaji, nalo si la mzaha. Sheria ya adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza ilimtazama mtu asiye na kazi ya kuonekana kama mhalifu anayesubiri nafasi. Wakati huohuo Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda atakako ndani ya Jamhuri ya Muungano, kuishi popote, kutoka nchini na kurudi. Haikuandikwa pale kwamba awe na sababu.

Lakini haki ya kwenye karatasi na haki ya kwenye basi ni vitu viwili. Safari moja, kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, afisa mmoja aliingia ndani ya basi akakusanya vitambulisho. Changu alikishika muda mrefu. "Mama, wewe ni wa wapi?" Nyabibuye. "Nyabibuye ya Tanzania?" Nikamwambia sijui nyingine. Nikateremshwa. Nikaulizwa jina la bibi mzaa mama, jina la mwenyekiti wa kijiji, na nikatakiwa kuimba wimbo wa taifa. Niliuimba wote, beti zote mbili, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, abiria wakinisikiliza kupitia madirishani. Nimewafundisha wimbo huo watoto zaidi ya elfu moja. Kijana yule aliona haya mwishoni, akanisaidia kupanda. Simlaumu sana, mpaka wetu umeona mengi, na kazi yake ni kuulinda. Ila siku ile nilielewa kwamba mtu wa Kigoma anapokwenda kutembea, anabeba mzigo ambao mtu wa Moshi au wa Morogoro hana. Sisi tunatakiwa kuthibitisha kila mara kwamba hatujakimbia.

Mpaka wenyewe niliuvuka mwaka uliofuata. Tangu utotoni naviona vilima vya Burundi nikienda kuteka maji. Nilitoa Sh150,000 za hati ya kusafiria, nikaenda Manyovu, nikagongewa mhuri, nikapita. Ng'ambo, mama muuza ndizi alinisikiliza nikiongea Kiha akacheka: "Unaongea kama shangazi yangu." Nilifika hadi Rumonge, nikaliona ziwa kwa upande wao. Maji ni yaleyale na dagaa ni walewale. Burundi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na soko la pamoja lilianza Julai 2010. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Sisi wa vijiji vya mpakani, wenye shangazi upande wa pili, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuidai nafuu hiyo. Kwa mkulima wa Nyabibuye, shilingi 150,000 ni mavuno.

Nisijifanye kwamba kuondoka hakuna gharama. Mwaka jana rafiki yangu tuliyeanza naye kazi mwaka 1988 alifariki ghafla. Nilikuwa Lindi. Nilisafiri siku mbili usiku na mchana nikafika amekwisha kuzikwa. Kwetu, kukosa maziko ya mtu wako si jambo dogo. Wanawake wa kikundi chetu walinipokea, wakanipa maji, wakaniambia hapana neno. Kisha mweka hazina akafungua daftari akanitoza faini ya kutohudhuria, kama inavyosema katiba ya kikundi, nikalipa. Faini ile ilinifariji. Ilimaanisha bado wananihesabu. Ingekuwa vibaya zaidi kama wangefunga daftari bila kuniangalia.

Tena kuna wajukuu. Nchi hii inalelewa na bibi, kila mtu anajua. Mama anakwenda mjini kutafuta, mtoto anabaki kwa bibi. Binti yangu alitaka nihamie Kahama nimlelee wawili. Nilimkatalia, kisha nikamkubalia miezi mitatu kwa mwaka, na hiyo miezi mitatu ni yao kamili. Kuna watakaoniita mbinafsi. Nawauliza: babu wa watoto hao angekuwa hai, naye akastaafu, nani angempangia ratiba ya kubadilisha nepi?

Nimewasikia pia wanaosema kutembea ni anasa ya wenye fedha, kwamba mwenye njaa hana muda wa kwenda kuangalia maji. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kumwambia mama mwenye watoto sita auze jembe akapande treni. Lakini naijua mishahara ya walimu wenzangu na naijua mafao yao. Nimewaona wakistaafu na milioni zao, ndani ya mwaka mmoja zimekwisha: fremu mbili za duka zisizo na mpangaji, mashine ya kusaga kwenye kijiji chenye mashine nne, mkopo kwa shemeji. Walizizika fedha pale walipokaa kwa sababu hawakuwahi kuambiwa kwamba kuna matumizi mengine ya heshima. Nauli ya kuizunguka nchi hii nzima kwa basi na treni haifiki gharama ya kujenga fremu moja.

Na hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Mtu aliyemaliza deni lake kwa familia na kwa kazi ana haki ya kuondoka akiwa mzima, bila kesi, bila ugonjwa wa kusingiziwa. Asivunje nyumba, aipangishe. Asikate kamba ya kikundi, alipe faini. Arudi kupanda maharage kama anaweza; mimi narudi. Ila aende. Kukaa mahali pamoja ni kuzuri pale ulipopachagua. Sisi wengi hatukuchagua: tulipimiwa kwa kamba, tukaambiwa hapa ndipo kwenu, tukazoea. Mimi Nyabibuye nimeichagua nikiwa na miaka 56, niliporudi mara ya kwanza na kuona minyaa yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimewekwa tu.

Kwa wenye mamlaka, ombi langu ni fupi. Tuangalieni vitambulisho, ni sawa, lakini kitambulisho cha taifa kikishatolewa kitoshe. Mwenye kitambulisho asiimbishwe. Na mpaka wa Manyovu, wa Muhange na mingine yetu ifunguliwe kwa kitambulisho hichohicho kama wenzetu walivyofanya.

Kwa watoto wa wastaafu: mama akikwambia anakwenda kutembea, usiwaambie majirani ni macho.

Na kwa walimu wenzangu mlio darasani bado, wa Kibondo, Kasulu, Kakonko na kwingineko: wapeni watoto insha ya safari isiyo na sababu. Atakayepanda kilima akaona kilima kingine akarudi, asiulizwe alikwenda kufanya nini. Yule mvulana wangu sasa ni mtu mzima, nasikia ni dereva wa lori njia ya Nyakanazi. Insha yake nilipaswa kumpa 9. Moja ningeikata kwa sababu ya herufi kubwa.